"Mkojo wangu ni safi, glukosi ya nini?"

Wiki hii nimelisikia mara ya tatu: "Daktari, mkojo ulipimwa, hauna sukari. Hiyo glukosi ya nini tena?" Msemaji ana mimba ya wiki 26, presha inapanda, na alikuwa na uzito mkubwa tangu kabla ya kushika mimba.

Tunatafuta kisukari cha mimba, yaani sukari ya damu inayopanda wakati wa ujauzito, na mkojo hauamui lolote hapa. Figo huirudisha sukari kwenye damu na kuiachia ile tu inayozidi uwezo wake, na wakati wa ujauzito uwezo huo hupungua. Ndiyo maana mama mzima kabisa anaweza kukojoa sukari, na mwenye kisukari cha mimba akaleta mkojo safi. Jibu liko kwenye damu. Kati ya wiki ya 24 na 28 unakuja hujala usiku kucha, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), kimoja tu kinatosha kusema una kisukari cha mimba: 5.1 au zaidi kabla ya kunywa, 10.0 saa ya kwanza, 8.5 saa ya pili (milimoli kwa lita). Ukitoroka kabla ya damu ya mwisho, umekunywa uji mtamu bure. Na keti! Ukizunguka huku na huko, misuli inaila ile sukari tunayoitafuta. Wapo pia wanaojinyima wanga siku mbili tatu "ili wafaulu". Kumbe kujinyima kunaweza kuyapandisha majibu.

"Kiuno kimepanuka, mafuta ya damu yamepanda, basi nina sindromu ya metaboli." Taratibu. Sindromu hiyo ni mkusanyiko wa dalili za hatari ya moyo na kisukari. Vigezo vyake vitano (kiuno, presha, sukari, na aina mbili za mafuta ya damu: trigliseridi na HDL), ambapo vitatu vinatosha, viliwekwa kwa wasio wajawazito. Kiuno chenye mtoto ndani hakipimiki, na trigliseridi hupanda zenyewe mimba inavyokua. Presha nayo kwa kawaida hushuka katikati ya mimba, ikaficha tatizo la zamani. Kwa hiyo nataka uzito na presha za kabla ya mimba, au za hudhurio la kwanza kabisa. Njoo na kadi!

"Mimi mwembamba." Homoni za kondo la nyuma huipinga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa wembamba pia.

"Nikijifungua yamekwisha." Sukari mara nyingi hushuka, ila rudia kipimo wiki 6 hadi 12 baadaye. Tarehe ya chanjo ya mtoto kila mama anaijua. Iandike ya damu yako pembeni yake.