Je, wajua kwa nini hadithi ya mapenzi hunoga hata ukiujua mwisho wake?

Chukua riwaya yoyote nyepesi ya mapenzi ya vijana ambamo msichana na mvulana hawapikiki chungu kimoja. Ukurasa wa kwanza wanarushiana maneno, wa tatu wanaapa hawatakaa meza moja, na wewe msomaji umeshajua kuwa hawa watapendana. Wahenga walishasema, wagombanao ndio wapatanao. Sasa mbona huiweki chini ukalala?

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limo katika tamthilia ambayo waandishi wa riwaya hizi hawachoki kuisimulia upya: Much Ado About Nothing ya William Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Wengi wetu tulimjua Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tukabaki tukimwona mtu wa majambia na madeni. Huku ndiko utakakomkuta akicheka.

Tuko Messina, mji wa bandari kisiwani Sicily. Wanajeshi wanarudi kutoka vitani, na mjumbe katangulia na habari. Swali la kwanza kutoka kinywani mwa Beatrice, msichana wa hapo, ni kama Benedick, mmoja wa wanajeshi hao, amerudi. Hamtaji kwa jina lake. Anampachika jina la kejeli lililotoka kwenye mchezo wa panga. Wakikutana tu, anamwambia anashangaa kumwona bado anaongea ilhali hakuna anayemsikiliza. Lakini yeye kamsikia! Katika ukumbi uliojaa watu, sauti aliyoidaka ni hiyo moja.

Marafiki zao wanaamua kuwatega. Benedick kajificha bustanini, nao wanajua yupo pale, basi wanapaza sauti: masikini Beatrice anakufa kwa mapenzi, usiku huamka mara ishirini, hukaa na nguo yake ya kulalia hadi ajaze karatasi nzima. Benedick anameza kila neno. Mara Beatrice anatokea, kanuna, anasema ametumwa bila hiari yake kumwita chakulani. Akishaondoka, Benedick anajiambia kwamba maneno yale yana maana mbili.

Hapo ndipo siri yenyewe ilipo. Sisi tunajua kwamba Benedick ametegwa, kwamba yeye hajui, na kwamba Beatrice hana habari hata kidogo. Ndiyo maana sentensi kavu ya kumwita mtu mezani inatuchekesha. Hiki ndicho kinaya tulichofundishwa darasani: msomaji anajua zaidi ya mhusika. Tusingejua lolote, ingekuwa habari ya chakula tu. Kwa hiyo kuujua mwisho hakuharibu utamu. Kunamgeuza msomaji kuwa mmoja wa wale marafiki bustanini, aliyebana kicheko akisubiri wawili hawa wayaone yale ambayo yeye kayaona zamani.

Na tusidhani mtego ndio uliozaa mapenzi. Kabla ya hapo Beatrice anadokeza kuwa Benedick aliwahi kumkopesha moyo wake, naye akamlipa kwa riba. Kumbe walishapendana, wakaumizana. Kilichowazuia ni woga wa kuchekwa, na mtego unauondoa woga huo, kwa sababu kila mmoja anaaminishwa kwamba mwenzake ndiye aliyetangulia kupenda. Kijana yeyote aliyewahi kuandika ujumbe akaufuta mara nne anauelewa woga huo.

Ndiyo maana katika riwaya za vijana Messina inahamia shuleni bila taabu. Watu ni walewale kila siku na habari haina pa kujificha. Dansi ya vinyago iliyomo katika tamthilia inakuwa sherehe ya shule, na bustani inakuwa kundi la WhatsApp. Lakini kuna sehemu ngumu pia: Hero, binamu yake Beatrice, anasingiziwa uzinzi na kuaibishwa na mchumba wake siku ya harusi. Katika simulizi za leo hiyo inaweza kuwa picha iliyosambazwa. Mimi siiamini riwaya inayoiruka sehemu hii ili ibaki nyepesi, maana hapo ndipo Benedick anapowaacha marafiki zake na kusimama upande wa Beatrice.

Kisa cha Hero kilikuwa cha zamani hata kwa Shakespeare. Kimo katika hadithi ya Mwitaliano Matteo Bandello iliyochapwa mwaka 1554. Beatrice na Benedick ndio aliowaunda mwenyewe kwa sehemu kubwa, na ndio walioteka watu. Mfalme Charles I wa Uingereza aliandika majina yao kwa mkono wake kando ya jina la tamthilia hiyo, katika nakala yake ya kitabu cha tamthilia za Shakespeare. Shairi lililochapwa mwaka 1640 linasema wawili hao wakionekana tu, jumba la maonyesho hufurika mara moja. Watazamaji wale nao mwisho waliujua.

Na mwisho wenyewe ni huu: mbele ya watu wote, wawili hao wanakana kabisa kwamba wanapendana. Ndipo marafiki wanapochomoa karatasi mbili, mashairi ya mapenzi ambayo kila mmoja alimwandikia mwenzake kwa siri. Benedick anatazama mwandiko wake, kisha wa Beatrice, na kusema ni muujiza, mikono yao imetoa ushahidi dhidi ya mioyo yao.