Balghamu na phlegm ni ndugu: maneno ya kikohozi tunayoyaelewa vibaya

Kwenye lebo ya dawa ya kikohozi utasoma neno expectorant. Wengi hulihusisha na expect, kutarajia, kana kwamba ni dawa unayokunywa ukingoja nafuu. Asili yake ni Kilatini: ex, "kutoka", na pectus, "kifua". Ni dawa ya kutoa kilichoganda kifuani. Mama anayeingia duka la dawa akaomba "dawa ya kifua" amesema jambo lile lile, tena kwa lugha iliyo wazi zaidi.

Phlegm kwa Kiingereza na balghamu kwa Kiswahili ni kitu kimoja: makohozi, ute mzito wa kifuani. Dhana inayoniudhi ni ile ya kwamba phlegm ni neno la kitaalamu la Wazungu, na balghamu ni neno la wazee wa pwani lililopitwa na wakati. Maneno haya yametoka tumbo moja. Mama yao ni phlegma ya Kigiriki. Mtoto mmoja alipitia Kilatini na Kifaransa akafika Uingereza. Mwingine aliingia Kiarabu akawa balgham, akavuka bahari mpaka kwetu. Phlegma yenyewe inatokana na kitenzi chenye maana ya kuungua, ingawa waganga wa Kigiriki waliihesabu balghamu kuwa ya baridi na majimaji. Kwa hiyo bibi akisema "ana balghamu kifuani", ametumia istilahi ya tiba yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Asisahihishwe.

Syrup, dawa tamu ya maji, nayo hudhaniwa ni Kiingereza tupu. Imetoka kwenye sharāb ya Kiarabu, kinywaji, na iliingia Ulaya katika Zama za Kati, wakati vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipokuwa vikitafsiriwa kwa Kilatini. Mzizi ni sh-r-b, kunywa. Sharubati unayoagiza hotelini imetoka kwenye mzizi huo huo.

Je, kwikwi ni aina ya kikohozi, maana Waingereza wengine huandika hiccough? Hapana. Hiccup ndiyo ya zamani zaidi, nayo huiga sauti kama kwikwi yetu. Katika karne ya 17 watu waliichomekea cough, yaani kikohozi, kwa kudhani ndiyo asili yake. Matamshi hayakubadilika: ukikuta hiccough, itamke hiccup.

Kuhusu cough yenyewe, wanafunzi huambiwa gh imewekwa bila sababu. Zamani ilitamkwa karibu na kh ya "kheri" kwa anayeitamka Kiarabu sawasawa. Jaribu kuitoa kooni, utasikia mtu anakohoa. Baadaye sauti hiyo ikageuka f, maandishi yakabaki.

Treacle, ule urojo mweusi mtamu wa miwa, ilikuwa dawa ya sumu ya nyoka na wanyama wakali; thērion kwa Kigiriki ni mnyama mwitu. Jina lilihamia kwenye urojo mwishoni mwa karne ya 17.

Halafu kuna alama ya Rx kwenye cheti cha daktari. Wapo wanaosema ni ishara ya sayari ya Mshtarii (Jupiter). Ni kifupisho cha recipe, neno la Kilatini la kuamuru: "chukua". Daktari alimwandikia mtengeneza dawa: chukua hiki, kiasi hiki, changanya. Recipe ya pilau, yaani maelekezo ya mapishi, ilikuja baadaye.