Je, wajua kwa nini mtoto huamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4?

Mwandikie mtoto wa darasa la tatu 1/4 na 1/8 ubaoni, kisha umuulize ipi kubwa. Mara nyingi atanyooshea kidole 1/8 bila kusita, na ukimuuliza sababu atakueleza vizuri kabisa: nane ni kubwa kuliko nne. Ni rahisi kumwekea alama ya kosa na kuendelea na somo. Lakini jibu lake lina mantiki, na ukiifuata mantiki hiyo utagundua ni kitu gani ambacho sisi wakubwa hatujamwonyesha.

Tangu chekechea amejifunza namba kwa kuhesabu: vijiti, maharage, vizibo vya soda. Kila namba kwake ni rundo, na rundo la nane linashinda la nne. Kanuni hiyo haijawahi kumwangusha. Siku moja anaandikiwa namba mbili, moja juu ya nyingine, mstari katikati, na hakuna anayemwambia kwamba ile ya chini haihesabu vitu alivyo navyo. Inasema kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa, na kadiri vipande vinavyokuwa vingi ndivyo kila kimoja kinavyokuwa kidogo. Ya juu ndiyo inayohesabu, na inahesabu vipande vya ukubwa huo tu. Asiyelijua hilo huona namba mbili zilizopandana. Ndiyo maana baadaye huyohuyo atajumlisha 1/2 na 1/2 apate 2/4: juu kwa juu, chini kwa chini. Ameanza na nusu mbili akaishia na nusu moja, wala hashtuki, kwa sababu kile kizima hakimo kabisa katika mawazo yake.

Shida hii haiko hapa kwetu Uganda peke yake. Mwaka 1978 huko Marekani, katika mtihani wa kitaifa wa kupima maendeleo ya elimu, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jibu la 12/13 + 7/8. Miongoni mwa majibu waliyopewa wachague kulikuwa na 1, 2, 19 na 21. Waliochagua 2, ambalo ndilo jibu, walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu peke yake au za chini peke yake. Swali lenyewe halihitaji hata kalamu. 12/13 imepungukiwa na kipande kimoja kidogo tu ifike kitu kizima, na 7/8 vilevile. Kimoja na kimoja ni viwili. Watoto wale kujumlisha walikuwa wanajua. Hawakuwa na mazoea ya kuuliza sehemu, yaani namba kama 7/8, iko mbali kiasi gani na kizima chake.

Kwa hiyo mimi naona somo la sehemu lianzie kwenye kizima na lirudi kwenye kizima kila mara. Darasani tumezoea kuchora duara, kuligawa manne, kupaka rangi robo moja, basi. Kupaka rangi si kubaya, ila kipande kilichopakwa hubaki palepale daftarini. Mtoto hakichukui, hakiungi na vingine, haoni kinakosa nini.

Chombo kinachofanya kazi hii vizuri kuliko vyote ninavyovijua kiko sokoni: mizani ya vitanga viwili, ile ambayo mtoto ameiona kila anapotumwa sukari. Muuzaji kwa kawaida ana jiwe moja la robo kilo, kwa hiyo waache watoto wenyewe watumie jiwe hilo kupima mchanga na kuufunga katika vifuko vitano au sita, kila kimoja robo kilo. Kazi hiyo yenyewe ni somo, kwa sababu kifuko kisicho sawa na jiwe hakikubaliki. Halafu weka jiwe la kilo moja upande mmoja, na mtoto aweke vifuko upande wa pili. Cha kwanza: kitanga hakitikisiki. Bado vingapi? Cha pili. Bado vingapi? Cha tatu. Kinapoingia cha nne, mkono wa mizani unalala sawa. Sasa 4/4 = 1 si maneno ya mwalimu tena; mtoto amekiona kitu hicho kikitokea, na yeye ndiye aliyekifanya.

Usiishie hapo, maana uhondo unaanza sasa. Mwambie apime vifuko vitatu dhidi ya jiwe la nusu na jiwe la robo pamoja. Vinalingana. Waandishi wa Misri ya kale, huko mto huuhuu wa Nile unaotoka Jinja unakoishia, walikuwa wakiiandika robo tatu hivyohivyo, kama nusu na robo. Ukokotoaji wao wa namna hiyo tunausoma katika mafunjo, yaani karatasi zao za matete, ya mwaka upatao 1550 kabla ya Kristo. Kisha rudisha jiwe la kilo na vifuko vinne, na uongeze kifuko cha tano. Kitanga kinashuka. Mtoto aliyezoea maduara tu atakuambia huwezi kutoa vipande vitano katika vinne, na 5/4 kwake ni kosa la kuandika. Aliyesimama mbele ya mizani anaona kilo moja na robo, ambayo mama yake hununua bila kushangaa.

Kuna neno moja la kulisisitiza mapema: sawa. Watoto wakigawana chapati si nadra kumsikia mmoja akidai apewe "nusu kubwa". Kwao nusu ni kipande chochote kati ya viwili. Waulize basi kuhusu ikweta, inayopita Kayabwe katika barabara ya Masaka. Mstari huo umeikata Uganda vipande viwili, lakini haukuigawa nusu kwa nusu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi iko kaskazini yake. Bendera nayo inafaa sana. Yetu ina mistari sita ya mlalo iliyo sawa: mweusi, wa njano, mwekundu, kisha tena hivyohivyo. Wakimwacha yule korongo na duara lake jeupe, wanaona 2/6 nyeusi, 2/6 njano na 2/6 nyekundu, jumla 6/6, bendera nzima. Mtoto wa Busia anaiona ya Kenya ng'ambo tu ya mpaka. Ina mistari mitano, lakini miwili myeupe ni myembamba, kwa hiyo hakuna hata mmoja unaoweza kuitwa 1/5 ya bendera.

Swali la pili la kuzoesha ni fupi: ya nini? Nusu ya chapati ndogo inaweza kuzidiwa na robo ya chapati kubwa, na watoto wawili wanaobishana huenda wote wanasema kweli. Na kizima si lazima kiwe kitu kimoja. Mandazi 12 katika mfuko mmoja ni kizima pia. Ukimwomba mtoto robo yake, wengi watakuhesabia manne, kwa sababu wameona 4 chini ya mstari. Mwache agawe mafungu manne yaliyo sawa kwanza, ndipo achukue fungu moja. Atapata matatu, na kosa lake atalisahihisha mwenyewe.

Tangu mtaala wa mada (thematic curriculum) wa shule za msingi ulipoanza mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza katika shule nyingi husoma kwa lugha ya eneo, na darasa la nne ndilo la kuhamia Kiingereza. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu na wazazi tusiharakishe kuandika alama kama 1/4. Mtoto avuke kwenda Kiingereza akiwa tayari ameshaunda kizima kwa mikono yake, amekibomoa na kukiunda tena.

Ukitaka kujua kama ameelewa, usimpe hesabu ya kujumlisha. Muulize kati ya 5/6 na 7/8 ipi kubwa, bila kutafuta namba ya chini inayofanana. Aliyeelewa atakujibu kwamba zote zimekosa kipande kimoja kufika kizima, na kwamba kipande cha 1/8 ni kidogo kuliko cha 1/6, basi 7/8 ndiyo iliyokaribia zaidi.