Lilaze hilo gogo kwanza

Wiki iliyopita nilikuwa Buhongwa, hapa Mwanza, kwa mzee mmoja ambaye upepo wa usiku ulimng'olea mwembe uani. Vijana walishaukata pingili za sentimita 40, nyingine zina upana wa karibu mita, halafu wakakwama. Shoka likitua linadunda, lisipodunda linang'ang'ania humohumo. Nikamwamkia mzee, akaitikia, akaniwahi: "Fundi, usijisumbue. Chenso haipasui kwa urefu mpaka uwe na cheni ya mbao, na mjini nimeikosa." Yaani msumeno wa mashine, na cheni maalumu ya kupasulia mbao.

Kauli hiyo nimeisikia Igoma, nimeisikia Kisesa, hadi ng'ambo Sengerema. Na kila anayeisema ana ushahidi: "Nilijaribu, ikatoa moshi." Sikatai, ilitoa moshi. Mimi nauliza kitu kimoja tu: gogo lilikuwa limekaaje? Limesimama. Siku zote limesimama!

Ukiisimamisha pingili kama kigoda ukashusha baa, ule upanga wa chenso unaozungukwa na cheni, kutoka juu, cheni inakatiza ncha za nyuzi za mti. Zimejipanga wima kama mabua ya mpunga baada ya mavuno, na kila jino linakwangua vijipande vifupi mno. Kinachotoka ni unga, mashine inalia, na wewe unaikandamiza, jambo linaloongeza joto tu. Sasa ilaze ile ile pingili, ganda chini, baa iwe sambamba na nyuzi. Hapo cheni inakimbia kufuata nyuzi, jino halikwangui tena, linamenya, na zinatoka nyuzi za mti kama tambi ndefu ndefu. Mstari wa mpasuko ni uleule. Chora kwa chaki, hutaona tofauti. Kilichobadilika ni cheni inakimbilia wapi. Mtu akiniambia "kwa urefu ni kwa urefu tu, fundi," huwa namkabidhi chenso nikae pembeni na maji yangu.

Cheni ya mbao ipo, na ina kazi yake. Wanaopasua mbao kwa fremu ya kushikilia chenso huanzia kichwani mwa gogo, baa imekingama, kwa hiyo wanakata ncha za nyuzi mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana meno yao hunolewa digrii 10 hivi, wakati ya kawaida ni 30 au karibu na hapo. Wanapata ubao laini. Kuni laini za nini? Zinaenda motoni.

Kuna na hili la "gogo pana kuliko baa". Gogo likishalala, upana hauna neno. Pima urefu wa pingili. Baa ya inchi 18 inavuka sentimita 40 na ncha inachungulia upande wa pili, hata mwembe uwe mnene kama tangi la maji, kwa sababu mashine yenyewe inateremka nje ya gogo, mbele ya uso uliokatwa. Hakikisha tu ile ncha haigusi pingili nyingine. Ikigusa kwa sehemu yake ya juu, chenso inakurukia usoni kabla hujafumba macho. Mimi ilishanirukia. Breki ya cheni ikanasa, nikaenda kukaa kivulini robo saa nzima.

Tambi nazo zina usumbufu wake. Zinavutwa ndani ya kifuniko cha sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, zinajisokota, cheni inasimama. Usibane mashine kwenye gogo. Acha nafasi zipate pa kutokea, na inamisha baa kidogo ili zitoke fupi. Zikijaa, zima, ndipo uchomoe. Na usiziache zirundikane karibu na ekzosi, zikikauka zinashika moto.

Mengine mnayajua: noa kwa tupa kabla ya kuanza, oili kwa petroli 1 kwa 50 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, vaa miwani na viatu vigumu.

Ila mawe siwezi kuyaruka, maana hii ni Mwanza. Chini ya kila ua kuna jiwe linalosubiri cheni yako. Sekunde moja tu na makali yamekwisha. Weka vipande vya matawi chini ya pingili na usikate mpaka mwisho: bakiza sentimita tano, geuza, gonga kwa shoka. Mti wa barabarani ukague pia kama una misumari, maana mabango ya waganga huondoka, misumari hubaki.

Nikiri na langu. Pingili ikiwa nzito nisiweze kuilaza peke yangu, naikata ikiwa imesimama, baa nimeiinamisha mshazari. Inakubali, polepole. Na kuna magogo ambayo nikihesabu petroli na saa zangu, sioni mteja anapata faida gani. Lile la kwenye panda ya mwembe wa Buhongwa, nyuzi zake zimesukana kama mkeka, nilimshauri mzee aliache liwe kiti. Yeye akataka lipasuliwe. Nikalipasua.

Mama mwenye nyumba akatoka na kiroba, akazoa tambi zote: za kuwashia jiko, na nyingine za kuku wanaoatamia. Mzee akauliza kama hizo tambi zinapunguza bei yangu. Nikamwambia hazipunguzi.