Kunyongwa hadi kufa: jaji aliyefungwa mikono

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ni sentensi moja. Anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, na kifungu cha 26 kinataja namna yake, yaani kunyongwa. Mwanamke akithibitika kuwa mjamzito hupewa kifungo cha maisha badala yake. Mtoto hanyongwi, huwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Ukiondoa hao wawili, jaji hana pa kupenyea.

Mijadala mingi kuhusu kunyonga huishia kwenye kitanzi chenyewe: ni ukatili au si ukatili? Swali ni la haki, lakini kwangu ubaya mkubwa wa sheria hii uko hatua mbili kabla ya kitanzi. Uko kwenye neno "atahukumiwa".

Tazama kesi inavyokwenda. Mauaji husikilizwa Mahakama Kuu. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kifo, kwamba mshtakiwa ndiye aliyekisababisha, na kwamba alikuwa na nia ovu. Nia hiyo haionekani kwa macho, kwa hiyo jaji huitafuta kwenye aina ya silaha, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo na maneno ya mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Nia ovu ikikosekana, au mshtakiwa akiwa alichokozwa ghafla akapandwa na hasira, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia. Hapo adhabu ya juu ni maisha, na jaji anaweza kutoa miaka kumi, mitatu, hata kumwachia kwa masharti. Nia ovu ikionekana ipo, ni kifo tu. Hakuna kitu katikati. Kijana aliyesimama mlangoni wakati wenzake wanaua, na kiongozi aliyepanga yote kwa miezi, wakitiwa hatiani pamoja wanapata adhabu moja. Wakili anaweza kusimama kuomba mteja wake apunguziwe, akaeleza kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana watoto wanne na amekaa mahabusu miaka sita. Jaji atasikiliza kwa adabu, kisha atasoma hukumu ileile ambayo angeisoma kama wakili asingesema neno.

Ndiyo maana vita vyote hupiganwa kabla ya hapo, kwenye ushahidi, na ndiko makosa yanakozaliwa. Mawili hujirudia. La kwanza ni utambuzi wa usiku. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka shahidi aeleze alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa nini na wenye nguvu kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. "Nilimtambua kwa mwanga wa taa" haitoshi. Taa ipi, ilikuwa wapi? La pili ni maelezo ya onyo yanayochukuliwa polisi, yaani yale ya mtuhumiwa aliyeonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Sheria inatoa saa nne za msingi tangu mtu akamatwe, na zikihitajika zaidi lazima ziongezwe kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya tatu bila nyongeza hiyo ni rahisi kutupwa, na yakitupwa wakati mwingine kesi nzima inabaki mifupa. Wakili asiyepinga maelezo hayo pale yanapotaka kupokelewa kama kielelezo anakuwa ameuza nusu ya kesi.

Baada ya hukumu, taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Mahakama ya Rufani ikikataa rufaa, jaji aliyesikiliza kesi hupeleka kwa Rais mwenendo wa ushahidi pamoja na ripoti yake. Rais ndiye anayesaini hati ya kunyonga, au anabadili adhabu, au anasamehe. Kwa hiyo huruma ambayo jaji amenyimwa inarudi kupitia mlango wa Ikulu, bila kusikilizwa hadharani, bila sababu zilizoandikwa, na bila kikomo cha muda. Rais Kikwete alibadili adhabu za mamia kwa mpigo mwaka 2006. Rais Magufuli alisema wazi mwaka 2017 kwamba hatasaini. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na waliohukumiwa wanasubiri jambo ambalo huenda lisije kamwe.

Sheria hii tuliirithi. Wajerumani waliwanyonga viongozi waliowapinga kwa ajili ya kutisha, na hadharani: Abushiri huko Pangani mwaka 1889, Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa mwaka 1895, Mangi Meli huko Moshi mwaka 1900, Songea Mbano na wenzake mwaka 1906. Waingereza walileta kanuni iliyoandikwa vizuri zaidi, lakini Kenya inaonyesha ilivyoweza kunyumbulishwa. Wakati wa Hali ya Hatari walinyongwa watu 1,090 kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na kati yao 346 tu ndio waliotiwa hatiani kwa mauaji. Waliobaki ni 472 kwa kukutwa na silaha au risasi, 210 kwa kushirikiana na wapiganaji na 62 kwa kulisha kiapo. Ukishakuwa na adhabu isiyo na ngazi, serikali yenye hofu haihitaji kubadili adhabu. Inaongeza orodha ya makosa. Uingereza kwenyewe ililegeza ulazima huo wa kutoa adhabu ya kifo mwaka 1957, ikanyonga kwa mara ya mwisho mwaka 1964. Sisi tukabaki na nguo ambayo mwenyewe ameshaivua.

Mahakama zetu zimelikabili jambo hili. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu "kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha". Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo, pamoja na kunyonga kwenyewe, ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikaiokoa kwa ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki kwa maslahi ya umma: si ya kiholela, na jamii ndiyo inayoamua kama inahitajika. Hukumu hiyo huwa inanisumbua kila nikiisoma. Kukiri kwamba kitu ni unyama na papo hapo kukiruhusu kwa sababu jamii haijakikataa kunaifanya ibara ya 13 kuwa pambo. Haki za mtu anayechukiwa na wengi haziwezi kupimwa kwa hisia za hao wengi.

Majirani walichagua kushughulika na ulazima kwanza. Uganda, katika shauri la Kigula lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, iliondoa ulazima, ikasema pia kwamba aliyesubiri zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho abadilishiwe kuwa maisha. Kunyonga kama njia kulinusurika, ingawa Jaji Egonda-Ntende hakukubaliana na wenzake. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuata mwaka 2017 katika shauri la Muruatetu, na mwaka 2021 mahakama ileile ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu mauaji peke yake. Mawakili waliokuwa wameupeleka kwenye wizi wa kutumia nguvu na ubakaji walirudi mikono mitupu.

Kwetu, pigo lilitoka Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema ulazima unavunja haki ya kuishi kwa kuwa unamnyang'anya jaji uwezo wa kupima, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Tanzania ilipewa mwaka mmoja kuuondoa ulazima huo kwenye sheria. Mwezi uleule serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko moja kwa moja.

Marekebisho yenyewe hayahitaji muswada mnene. Badilisha "atahukumiwa" kuwa "anaweza kuhukumiwa", weka utaratibu wa kusikiliza hoja za adhabu baada ya hatia, na upange kesi za wanaosubiri zirudi kwa jaji kwa ajili ya adhabu tu. Hilo la mwisho ndilo lenye gharama: majalada ya zamani hayana maelezo ya maisha ya mshtakiwa, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyeyahitaji.