Kuhama chuo kikubwa Marekani kwenda chuo kidogo: anza na transkripti

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaosoma Marekani huanza kuwaza kuhama baada ya muhula mmoja. Darasani wako 300, maswali yao yanajibiwa na mwanafunzi wa uzamili, na profesa hawajui hata kwa sura. Hiyo ni sababu ya haki kabisa. Pale Williams, chuo chenye wanafunzi wapatao 2,000, zipo kozi za profesa mmoja na wanafunzi wawili tu: wiki hii wewe unasoma insha yako na mwenzako anaichambua, wiki ijayo mnabadilishana. Ukija hujajiandaa, hakuna mgongo wa kujificha nyuma yake. Mtu akitamani masomo ya namna hiyo, ninamwelewa.

Ila kabla ya kutazama picha za bustani za chuo, chukua transkripti, yaani hati ya chuo inayoonyesha kozi ulizosoma na alama zako, pamoja na kalamu na karatasi. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria mwaka 2017 kwamba waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vinavyohesabu masomo ambayo mtu ameshamaliza.

Krediti hupotea hivi. Tuseme umemaliza miaka miwili, una kozi 20 za krediti tatu tatu, jumla 60. Vyuo vidogo vingi havihesabu krediti, vinahesabu kozi: kuhitimu ni kozi 32, na kila moja inalingana na krediti nne. Kwa hiyo 60 zako zinakuwa kozi 15. Zinabaki 17, na mzigo wa kawaida ni kozi nne kwa muhula, yaani 16 kwa mihula minne. Umeshapungukiwa kozi moja kabla mtu yeyote hajakagua chochote. Sasa wanakagua. Kozi mbili za uhasibu zinakataliwa, kwa kuwa chuo hicho hakifundishi biashara. Yoyote uliyopata chini ya C nayo kwa kawaida haihamishiki. Na hata ungekuwa na alama za juu kote, vyuo vingi vinadai angalau nusu ya kozi, yaani 16, usomee kwao.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuridhika na neno "zimekubaliwa". Zimekubaliwa kama nini? Kozi ya kemia inaweza kupokelewa kama kozi ya hiari tu, isihesabiwe kwenye fani yako, na ukairudia. Tuma silabasi kamili za kila kozi, zenye orodha ya vitabu na ratiba ya maabara, kisha omba jibu la maandishi kutoka kwa msajili na kwa mkuu wa idara. Jibu la simu halitakusaidia.

Omba pia orodha ya kozi zilizofundishwa kweli katika miaka miwili iliyopita. Idara yenye walimu watano haiwezi kufundisha kila kozi kila mwaka. Nyingine hutolewa mwaka mmoja, mwaka unaofuata zinapumzika. Panga mihula yako minne juu ya orodha hiyo. Kama kozi ya lazima inaanza Septemba pekee nawe unaingia Januari, mwaka mzima umekwenda.

Fedha ndizo huwakwamisha wengi. Vyuo binafsi vingi sasa vinatoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, malazi na chakula vikiwemo. Baadhi hufadhili wanafunzi wa kigeni wanaoanza mwaka wa kwanza lakini si wa kigeni wanaohamia. Vingine vina sharti kali: usipoomba msaada wakati wa kuomba nafasi, huruhusiwi kuomba baadaye. Uliza yote mawili kwanza. Chungulia pia uhai wa chuo chenyewe; Mount Ida, Massachusetts, kilitangaza Aprili 2018 kwamba kinafungwa, na Mei kikafungwa.

Maombi ya kuingia Septemba mara nyingi hufungwa Machi, na yanataka barua za maprofesa. Katika ukumbi wa watu 300 barua hiyo haipatikani, kwa hiyo anza mapema kwenda ofisini kwa mwalimu wa darasa lako dogo kuliko yote.

Kwa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, viza haibadilishwi kwa kuhama tu, na ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, hailipwi upya. Rekodi ya SEVIS ndiyo inayohama, kwa tarehe mnayokubaliana na afisa wa wanafunzi wa kigeni. Ikipita tarehe hiyo, kibarua chako cha chuo cha zamani kimekwisha, na chuo kipya ndicho kinachotoa I-20, fomu inayothibitisha kwamba chuo kimekupokea. Masomo yaanze muhula wa karibuni unaopatikana, ndani ya miezi mitano. Ukienda nyumbani likizo, rudi na I-20 mpya.

Nawasihi pia mwangalie mlango wa tatu: kubaki chuo kikubwa huku mkipata madarasa madogo. Mwanafunzi wa UMass Amherst, chuo kikubwa cha umma, anaweza kusoma kozi kwenye vyuo vidogo vya jirani, Smith, Mount Holyoke au Amherst College, bila ada ya ziada, na mabasi yapo. Arizona State na Penn State zina vyuo vya heshima (honors) ndani yao, vya wanafunzi wenye alama za juu, vyenye madarasa madogo. Kwa mwenye kiu ya darasa dogo tu, hiyo huenda ikatosha.

Ukiamua kuhama, usijiondoe kwenye usajili wa chuo chako mpaka uwe umeshika karatasi tatu: barua ya kukubaliwa, orodha ya kozi zilizopokelewa ikionyesha zipi zinahesabiwa kwenye fani yako, na barua ya ufadhili yenye kiasi cha kila mwaka. Tarehe ya SEVIS iwekwe baada ya hapo.