Sio mwili uliozoea dawa

Nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni nikataja tu kwamba nafanya kazi ya maabara, hakosekani mtu wa kuniambia "mimi ile dawa hainifanyii kazi tena, mwili ushaizoea." Nshachoka kubishana kwa hivyo leo naandika. Mwili wako haujazoea chochote. Mdudu, yaani bakteria anayekuumiza, ndo hafi tena, na mdudu mwenyewe si wako peke yako, leo yuko tumboni mwako kesho yuko kwenye damu ya kichanga wodini.

Wiki hii nimesoma kalcha ya damu, yaani damu ya mgonjwa tunayoiweka tuone itaota mdudu gani, na hii imeotesha bakteria anaitwa Klebsiella. Huyu ukimwona kwenye pleti, kile kisahani cha kuoteshea, humsahau, madoa ya pinki manene yanang'aa, mara nyengine ukiyagusa na lupu, kile kijiti chetu chenye kitanzi, yanavutika kama utelezi wa bamia. Basi ukishamjua unampaka kwenye pleti nyengine, juu yake unapanga vidiski vya karatasi vilivyotiwa antibayotiki, kila kimoja upana wake milimita 6, unaweka kwenye inkubeta nyuzi 35 saa 16 mpaka 18 hivi. Asubuhi unachukua rula. Dawa inayofanya kazi diski yake imezungukwa na duara tupu, hakujaota kitu, na isiyofanya kazi mdudu kaota mpaka kwenye ukingo wa karatasi na hapo unaandika 6. Kwetu 6 ndo sifuri.

Hii yangu: seftriaksoni 6, siprofloksasini 6, meropenemu 6.

Hiyo meropenemu ndo inayonitisha manake ni dawa ya dripu, ya akiba, unaikimbilia zile za kawaida zikishashindwa, na mgonjwa mwenyewe yawezekana hajawahi kuwekewa hata tone moja maisha yake yote. Sasa usugu umetoka wapi? Bakteria wana vipande vya DNA vya duara vinaitwa plasmidi, na hivi wanapeana, hata aina moja kwa nyengine, kama mnavyofowadiana voisi za WhatsApp, aliyeitunga humjui lakini ishafika kwenye grupu ya familia. Ndani ya plasmidi moja mna jeni ya kukata dawa hii, mna ya dawa ile, zote zimo kifurushi kimoja. Jeni moja ya hizo, NDM, inayokata dawa kama meropenemu, ilielezwa mara ya kwanza 2009 kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa Uswidi baada ya kulazwa hospitali India, saa hii iko dunia nzima.

Na ukimeza antibayotiki haiendi kwenye koo tu. Inapita kwa matrilioni ya bakteria waliojikalia tumboni bila ubaya wowote, wanyonge wanakufa, wenye plasmidi wanabaki na nafasi tele ya kuzaana. Ndo maana nakasirika nikiwa dukani, mtu ana mafua ya virusi ambayo antibayotiki haiyagusi kabisa, anasema nipe za hamsini, muuzaji anachukua mkasi anakata amoksilini nne kwenye karatasi yake, haya mwengine. (Klebsiella kwa asili yake amoksilini haimuui, hiyo hata hatupotezi diski.)

Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, alilisema hili 1945 alipopokea Nobel ya penisilini, akatunga kisa cha bwana mwenye koo aliyejinunulia dawa kidogo, akamwambukiza mkewe mdudu sugu, mke akafa. Alipatia wazo akakosea mdudu, manake yule streptokokasi wa koo mpaka leo penisilini inamuua vizuri tu. Waliobadilika ni hawa wengine, na hesabu ya dunia ya mwaka 2019 ilikadiria watu 1,270,000 walikufa kwa sababu ya usugu wenyewe, mmoja kati ya watano akiwa mtoto chini ya miaka 5.

Nyinyi mnaoniuliza kwani majibu ya kalcha yanachelewa nini, hayachelewi, mdudu lazima aote kwanza, kisha aote tena mbele ya dawa, na mgonjwa anangoja na homa yake.

Daktari wa wodi alipiga kabla sijamaliza kuandika.

"Nambie, kumebaki nini?"

"Amikasini. 22."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu daktari."

Akashukuru akakata simu. Ilikuwa siku ya tatu tangu damu itolewe.